Kitenge Kile cha Njano

Masika, mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga rafiki zako kule Himbi, na papa yako amelala kwenye kiti chake uani, mdomo wazi, baada ya kufunga na kufungua sanduku lako mchana kutwa. Nimeona niitumie nafasi hii. Ninakuandikia juu ya meza ya mashine ya kushona, maana ndiyo meza pekee ndani ya nyumba hii ambayo papa yako hajathubutu kuiwekea vitu vyake.

Mambo ya safari sitayagusa. Papa yako amekwisha kukuambia yote, na mengine amekuambia hata kabla hujajua kwamba utasafiri: uvuke bariera ya mpakani mapema ukapande ndege ng'ambo, kabla foleni haijawa ndefu, ushike mkoba mbele na si nyuma, baridi ya Lubumbashi mwezi wa saba haina mchezo. Jibini ya Masisi ameiweka katikati ya nguo zako, nzima, na siku utakapofungua sanduku mbele ya watu watajua mara moja umetoka upande gani. Usimcheke sana. Alizunguka soko zima kuichagua, akawa anazigonga kwa kidole moja moja kama daktari.

Mimi nataka kukuandikia juu ya neno ulilosema juzi mezani.

Ulikuwa na furaha, nami nilikuwa na furaha ya kukutazama tu. Ulikuwa unatueleza kazi yako: kwamba kampuni ya migodi ina mfuko wake wa misaada, wao wanauita fondation, na mfuko huo unasaidia wanawake waliopigwa majumbani mwao na wale waliobakwa, na kwamba wewe, Masika wetu, ndiye utakayesimamia msaada huo. Papa yako aliacha kutafuna ili asikie vizuri. Halafu ukasema, “Kitu ya kwanza, nitabashonea bale bamama bote nguo ya namna moja. Ya rangi muzuri. Bajisikie bako pamoja.”

Nikainuka, nikasema naenda jikoni kuangalia sombe. Sombe ilikuwa mezani, mbele yetu sote, nawe ulikuwa umekwisha kujipakulia mara ya pili. Ulinitazama, ukamtazama papa yako, mkacheka kwamba mama sasa amezeeka. Sikuzeeka, mwanangu. Nilikuwa nimesikia maneno yangu mwenyewe, yaleyale, yanatoka kinywani mwako, na sikujua niweke wapi uso wangu.

Unaikumbuka nyumba ya Majengo. Ulikulia mle, chini ya meza za mashine, ukiokota vipande vya vitambaa na kuviweka ndani ya sanduku la viatu. Kila nikisikia mvua juu ya mabati naiona tena: ukuta wa mawe meusi ya volkano, mparachichi uani ambao haukuzaa hata siku moja na ambao kila mtu alikataa ukatwe, harufu ya sabuni mpya, na wale wamama wanaimba kwa zamu, mmoja anaanza Kinande, mwingine anajibu kwa Kinyarwanda, na mashine zinawafuata. Uliwasumbua sana. Walikufundisha kutia uzi kwenye tundu la sindano kabla hujajua kuandika jina lako, na ukawa unawatoza peremende kwa kila sindano.

Nyumba ile ilikuwa ya kampuni ya sabuni na mafuta ya kula. Jina lake silitaji, wewe unalijua, na wenyewe walioanzisha jambo lile wengi wamekwisha kuondoka. Kampuni ndiyo iliyoleta mashine. Ilimlipa daktari aje, na mwanasheria aje, na ililipa gari la kumpeleka mtu hospitali bila kumuuliza maswali barabarani. Mlangoni iliandikwa tu kwamba ni nyumba ya kufundisha ushonaji. Na kweli tulifundisha ushonaji. Walikuja wasichana wa mtaani ambao hawakupatwa na lolote, wanataka kazi tu, na walikuja wengine ambao walikuwa na chumba chao cha nyuma chenye pazia, ambako mtu aliweza kukaa na kusema, au kukaa asiseme. Wote walitoka kwa mlango uleule na futi ya kupimia shingoni. Mtaani hakuna aliyejua yupi ni yupi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali ya nyumba ile, kuliko mashine, nami niliyekuwa fundi mkuu nilikuwa siioni, kwa sababu nilikuwa naishi ndani yake.

Aliyetutembelea kutoka kampuni tulimwita Madame. Alitoka Kinshasa, wakati ule ndege zilikuwa bado zinatua hapa. Siku ya kwanza alikuja na viatu virefu, na mawe yetu, unayajua, hayana heshima kwa mgeni: kisigino kimoja kilibaki mbele ya mlango. Alicheka, akavua vyote viwili, akaingia pekupeku. Tangu siku ile wamama walimpenda, nami nilimpenda. Sikuandikii ili umchukie. Alikuwa mtu mwema, tena mwenye akili, na ninapoandika barua hii namkumbuka kwa mapenzi.

Mwaka ule, siku ya wanawake ya mwezi wa tatu ilipokaribia, alinifuata jikoni nikiwa naonja maharage, akaniuliza kampuni iwape wamama zawadi gani. Sikugeuza hata shingo. Nikamwambia, kitenge. Kitenge cha pamoja, wote rangi moja.

Nilisema vile kwa sababu ya arusi ya dada yangu mkubwa kule Butembo. Nilikuwa mdogo kuliko wewe wa siku zile. Ukoo mzima ulivaa kijani: mama, mashangazi, wake za wajomba, hadi mimi na gauni langu lililokatwa kwenye mabaki. Tulipanda mlima kwenda kanisani, nikageuka, nikaona barabara yote chini ni kijani, nikajua kwamba hata nikipotea mtu yeyote mwenye rangi ile atanishika mkono na kunirudisha kwetu. Sijasikia usalama kama ule tena maishani. Huo ndio niliotaka kuwapa wale wamama. Niliwapa kitu nilichokipenda mimi.

Madame hakuchukua neno langu peke yake. Aliwaita wote uani, akawauliza. Walipiga makofi, walipiga vigelegele, mmoja akacheza. Baadaye sana, wakati mambo yalipokuwa yameharibika, nilimuuliza yule aliyecheza kwa nini hakusema neno siku ile. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mtoto. “Mama Masika, nani anakatalaka kitu ya bure? Na kama ukikatala, kesho mashine utaishonea wapi?”

Kitenge kilikuja kwa marobota. Njano ya ndizi mbivu, mapovu ya sabuni ya buluu, tone la kampuni katikati, na kwenye pindo maneno: Mwanamke, simama. Kilichapwa kwa ajili ya nyumba yetu tu, hakikuuzwa dukani popote. Tulijivunia jambo hilo. Tulishona hadi vidole vikavimba, kila mama mshono wake, na wewe nikakukatia gauni kwenye mabaki, kama nilivyokatiwa mimi.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Sitaki kuiharibu sasa kwa yaliyofuata. Tuliteremka barabara kubwa tunaimba, wewe mbele na kibendera cha kampuni, unatembea kama mke wa gavana. Mvua ilinyesha kidogo ikaacha. Madame alikuwa amevaa kitenge kilekile, na viatu vya chini, amejifunza. Watu walisimama pembeni wakatupigia makofi, na picha zilipigwa, na kampuni ikazitundika madukani pamoja na tangazo lililoeleza vizuri kabisa wamama wale walikuwa ni wamama gani na kampuni imewafanyia nini. Nililisoma tangazo lile. Niliona limeandikwa vizuri.

Siku chache baadaye nilikwenda soko la Virunga na wawili kati yao kutafuta lengalenga. Sote watatu tulikuwa na njano yetu. Muuza unga mmoja akamwambia jirani yake, wala hakushusha sauti, “Ona, bale njo bamama ba kule Majengo. Bale balibakwaka.”

Hakuwa mtu mbaya, na hakusema kwa kutukana. Alisema kama anavyosema bei ya unga. Wale wawili wakaendelea kuchagua mboga, lakini mikono yao ilikuwa inachukua majani bila kuyaangalia. Nami, mwanangu, nitakuambia jambo la kwanza lililokuja kwangu, kwa sababu nataka ulijue kutoka kwangu: nilitaka kumgeukia yule mwanamke nimwambie kwamba mimi ni fundi tu, nina mume wangu, sikupatwa na kitu. Neno lilifika hadi kwenye meno. Sikulisema, lakini lilikuja, na nilipolisikia ndani yangu ndipo nilipojua tumewavisha nini wenzangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia dakika moja tu, sokoni, nikataka kukimbia.

Sasa nikueleze habari ya mmoja wao. Nitamwita Mama Solange, ila hana mtoto anayeitwa Solange. Na nitasema alitoka Kalengera, kwa sababu mtu lazima atoke mahali. Alikuwa ameolewa kule. Kilichompata kilimpata njiani akitoka shambani, na nyumbani hakumwambia yeyote. Aliwaambia wakwe zake anataka kuja Goma kujifunza kushona ili asaidie nyumba, nao wakamruhusu, na kila mwisho wa mwezi alipanda gari kurudi kwake na zawadi ya nguo ya mtoto. Mambo yalikuwa yanakwenda. Alikuwa amekwisha kupanga kwamba siku moja atamwambia mume wake, yeye mwenyewe, kwa maneno yake, siku atakayoichagua. Alikuwa akinieleza hata mahali watakapokaa: nyuma ya nyumba, karibu na migomba, mume akiwa amekula ameshiba.

Wifi yake alishuka Goma kuuza maharage. Akamwona sokoni ndani ya njano, akaona na picha dukani.

Mama Solange alikuja hapa nyumbani mchana, akakaa kwenye kiti kile ambacho sasa papa yako anakoromea. Alikuwa amekikunja kitenge vizuri ndani ya sashe nyeusi ya plastiki. Akakiweka juu ya mapaja yangu.

“Mama Masika,” akasema, “hii kikwembe ilisema mbele yangu. Miye nilikuwa siyasema bado.”

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, naye akanibembeleza, na hilo nalo silisahau. Aliniambia wifi amekwisha kupeleka habari kwao, ukoo umeitwa kukaa kikao, na siku hiyo ikifika lazima awepo.

Nilikwenda kwa Madame nikamweleza. Alivua miwani, akasema, “Lakini ni wewe uliyeniambia kitenge.” Ilikuwa kweli. Alipiga simu kwa wakubwa wake. Wakubwa wakatoa shauri kwamba vitenge vyote vikusanywe na kuchomwa, na kampuni itoe tangazo jipya la kuomba radhi. Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki, lakini watu hawa walitaka kuleta ndoo nyingine wamwage juu yake. Tangazo la kuomba radhi lingemfikia hata yule ambaye la kwanza lilimpita. Na pale stoo yalikuwa yamebaki marobota mengi, maana kampuni iliagiza kitenge kana kwamba inavisha jeshi.

Papa yako ndiye aliyetutoa, na nakuomba usimwambie nimeandika hivyo, atatusumbua mwaka mzima. Wakati ule alikuwa anapandisha lori hadi Vitshumbi kuchukua samaki wa chumvi. Alinisikiliza akila mahindi ya kuchoma. Alimaliza gunzi, akalitupa uani. Halafu akasema, “Kikwembe ikivaliwa na bantu bote, inakuwa kikwembe tu. Unipatie ile marobota.”

Nilimwambia Madame. Akaniambia kwamba hakusikia nilichosema. Halafu akauliza kama lori lina nafasi ya kubeba yote.

Basi njano ikapanda barabara ya kaskazini. Papa yako hakuigawa kwa mpango wowote, usimfanye mtakatifu. Huku alibadilishana na maharage, huku na mkaa, kule Vitshumbi na samaki, nyumba nzima ya Majengo ikala makambare hadi wamama wakaomba wapumzishwe. Rafiki zake wa kilabuni walijishonea mashati. Kwaya ya parokia ilichukua robota zima. Baada ya muda ukipita Kanyaruchinya unaiona kwenye kamba za kuanikia nguo, ukipanda Rugari unaiona mgongoni imefunga mtoto, unakutana na mwanaume anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, mlimani amevaa shati lililoandikwa kiunoni: Mwanamke, simama.

Wewe ulikuwa unasafiri naye siku za likizo. Ulitoa kichwa dirishani, ukapiga kelele kila kijiji, “Kikwembe yetu! Kikwembe yetu!” Ulidhani ni kitenge cha familia yetu, na kwamba una mashangazi barabara nzima hadi ziwani. Uliporudi ukaniuliza kama wale wote ni ndugu zetu. Nilikuwa nasafisha samaki. Nikakujibu ndiyo. Sikuwahi kurekebisha jibu lile, na juzi mezani ndipo nilipojua kwamba umekua nalo.

Kikao cha ukoo kilikaa. Haya nakuambia kama nilivyoambiwa na Mama Solange. Walikaa uani, wazee upande huu, wanawake upande ule. Wifi akasimama, akasema amemwona mke wa kaka yake mjini amevaa kitenge cha wanawake waliobakwa, na kwamba kila mtu Goma anakijua, ni cha njano kina mapovu. Watu wakageuza macho taratibu. Si kwa Mama Solange. Mama mkwe wake, yule mzee mwenyewe aliyeitisha kikao, alikuwa amekaa kwenye kigoda na njano ileile kiunoni. Alikuwa ameipata kwa papa yako, amempa maharage.

Mzee alijitazama kiunoni. Akakaza fundo la kitenge chake.

“Basi,” akasema, “na miye niko mumoja kati yabo.”

Kisha akauliza kama chakula kimeiva.

Mpaka leo sijui alisema vile kuwanyamazisha, au alisema kwa sababu ni kweli. Mama Solange hakumuuliza. Mzee amekwisha kufariki, ameondoka na jibu lake, na alikuwa na haki ya kuondoka nalo. Ninachojua ni kwamba kikao kilikwisha pale, na kwamba Mama Solange alimwambia mume wake miezi mingi baadaye, nyuma ya nyumba, karibu na migomba, mume akiwa ameshiba, siku aliyoichagua yeye.

Lakini nisikudanganye kwamba njano ya papa yako iliwafikia wote kwa wakati. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa mchumba wa mtu. Mchumba aliona picha dukani, hakurudi tena. Kulikuwa na yule aliyekufundisha kutia uzi, mwenye mwanya, uliyekuwa unamlilia jioni akiondoka. Alihama bila kuaga. Tulisikia alivuka Uganda, basi. Uliniuliza mara nyingi amekwenda wapi na nilikuwa nakupa uongo wa kila namna. Ukweli ni huo. Bado ninamtafuta kwenye nyuso za watu nikiwa sokoni.

Miaka ikapita, kampuni ikapata mkurugenzi mpya ambaye alipenda zaidi michezo ya vijana. Kibao cha mlangoni kikang'olewa, Madame akapewa kazi nyingine, alituaga kwa simu. Mgeni njoo mwenyeji apone: alikuja, tukapona kiasi chetu, akaenda. Wamama waligawana mashine. Hii iliyo chini ya karatasi ninayokuandikia ni mojawapo, na ukiangalia pembeni utaona tone la kampuni bado lipo, limefutikafutika. Imeshona sare zako za shule zote, na imeshona za watoto wa watu hadi ukamaliza chuo. Kwa hiyo usije ukadhani mama yako anakuambia ukimbie pesa za kampuni. Chukua, tena uchukue nyingi. Lipa daktari, lipa mwanasheria, lipa gari. Vitu vile vilifanya kazi, na mimi sijawahi kulia mbele ya mtu kwa sababu ya gari la hospitali.

Ila kazini kwako watakuomba kitu cha kuonekana. Hawatakuomba kwa ubaya. Mtu akitoa anataka aone alichotoa kinatembea barabarani, hata mimi nilitaka. Na wewe utawauliza wamama, nao watasema ndiyo na kupiga vigelegele, na utarudi ofisini roho nyeupe. Mwanangu, ndiyo ya mtu anayepokea haina uzito. Nimeishi na jambo hilo miaka yote hii na sijapata dawa yake. Labda ukae na mmoja mmoja, chini, pekupeku kama Madame, na kwanza umwonyeshe kwamba akikataa mashine inabaki kuwa yake. Labda hata hiyo haitoshi. Wewe una shule, utajua zaidi. Mimi ninajua kushona.

Nasikia papa yako ameamka, anaita aulize nani ameigusa kamba ya sanduku. Nimalize.

Nilipoamua kukuandikia nilikwenda kwanza kwa Mama Solange, maana habari ni yake. Vita imemhamisha mara nyingi tangu wakati ule, lakini yupo, mzima, na anakufahamu vizuri sana, nawe unamfahamu. Nilimwambia ulichosema mezani. Alicheka. Akaniambia, “Umwambie yote. Jina yangu usimwambie. Na asinitafute na macho.”

Kesho asubuhi kwenye bariera utakuta wamama wamekuja kukusindikiza. Si mimi niliyewapanga, ni wao na kwaya yao. Wamefungua masanduku, wametoa njano ile ya zamani. Kwa wengine imepauka imekuwa kama maziwa, kwa wengine imebaki kipande cha kujifunga kichwani. Kutakuwa na waliokaa nyumba ya Majengo, na walioimba kwaya tu, na waliobadilishana na papa yako kwa maharage. Mimi nitakuwa katikati yao, na yangu mwilini. Mama Solange naye atakuwepo.

Utatamani kumjua. Najua utatamani, nimekuzaa mimi. Ukiona macho yako yameanza kutembea kutoka uso hadi uso, yashushe uangalie viatu vyako. Kisha utukumbatie sote kwa nguvu moja, mmoja baada ya mwingine, na uvuke.

Mama yako,
Kavira